Mwanasesere Aliyemtangulia Mtoto

Sheria ya wakereza wanasesere bondeni kwao ilikuwa fupi, hata mlevi aliikumbuka: mtoto azaliwe, apimwe, ndipo akerezewe mwanasesere wa mti mwenye uzito wake uleule.

Masue, mkereza aliyejiona ana akili kuliko sheria, alianza na mwanasesere. Mdogo wake Itsuko alikuwa amebakiza wiki saba kujifungua, naye Masue alitaka zawadi iwe tayari. Akakisia kilo tatu na gramu mia. Akakereza, akapiga msasa, akachora nyusi, pua, na mwisho macho.

"Umemchora macho?" mama yao aliuliza akiwa mlangoni. Hakuvua hata viatu.

"Mama, huo ni mti tu."

"Mti unaotazama. Unamtazama nani, na mwenyewe hajaja?"

Siku ya tatu mwenyewe akaja. Kilo moja na gramu mia tisa.

Tokuji, mume wa Itsuko, alipiga simu kutoka hospitali ya Sendai akijikaza kutania. "Shemeji, binti yangu hata figili ya sokoni inamshinda uzito!"

Siku mbili baadaye mtoto alikuwa amepungua gramu sitini. Wauguzi walisema ni kawaida. Mama alimweka mwanasesere kwenye mizani. Kilo tatu, gramu mia moja na sitini.

"Ni mvua hizi," Masue alisema. "Mti hunywa unyevu."

"Sitini, Masue? Zilezile?"

Kumpunguza mwanasesere kuliwezekana, ila mwenye macho harudishwi kwenye mashine ya kukerezea. Lazima macho yatoke kwanza. Masue akashika patasi, akayakwangua, akamrudisha kwenye mashine. Shingo ya mwanasesere ikalia kwii mti ulipoanza kuzunguka, na mama akageukia ukuta. Masue alikereza hadi mizani iliposoma kilo moja, mia nane na arobaini.

Jioni simu ikalia.

"Ameongezeka!" Tokuji alipiga kelele. "Gramu kumi! Dada mtu, lete zawadi yetu!"

Masue alitazama kile kipande laini kisicho na uso.

"Nitaleta blanketi," alisema.

Kisha akapiga magoti, akaokota maranda yote, hata yale yenye wino mweusi wa macho, akayafunga kwenye kitambaa. Kuyachoma hakuthubutu. Kuyatupa pia hakuthubutu. Akabaki ameyapakata, mama akimwangalia.