Kipindi cha Mwalimu Dastan

Mkufunzi Victor alimwomba Mwalimu Kunigunda aunganishe kishikwambi chake na spika za ukumbi, ili wenzake waone jinsi ya kufungua kipindi kilichorekodiwa. Walimu walikuwa wamejaa kwenye kituo cha mafunzo pale Mbinga, wengine wamejifunika vitenge kwa baridi. Kunigunda akagusa faili la kwanza aliloliona.

"Haya, darasa la nne," sauti ya kiume ikajaa ukumbini. "Saba mara nane ni ngapi?"

Rekodi ikawa kimya. Nyuma ya kile kimya ilisikika mvua ikipiga bati.

"Hamsini na sita!" mwalimu mmoja akaropoka.

"Vizuri sana. Kaa," sauti ikasema.

Ukumbi mzima ukacheka. Victor akapiga makofi. "Mmeona? Ameacha nafasi ya mwanafunzi kujibu. Ni nani huyu? Aje hapa mbele."

Hakuna aliyesogea. Kunigunda alikuwa ameishika meza kwa mikono miwili.

"Hayupo," akasema. "Ni marehemu Dastan."

Walikuwa wakifundisha shule moja kule Mbuji. Likizo ya Juni Dastan alishuka kwao ziwani, akaingia majini na kaka zake kuvua, upepo ukawapindulia mtumbwi. Kaka zake waliogelea wakafika. Yeye hakuonekana tena, hata maiti. Kishikwambi alikiacha shuleni, na Mwalimu Mkuu Bernadi alimkabidhi Kunigunda alipokuwa anaondoka kuja kwenye mafunzo.

Wakati wa chai Victor alimfuata. Akamweleza taratibu kwamba kifaa kikihamia kwa mtu mwingine husafishwa, vya zamani vyote vikafutwa.

"Mama yake hajui kama hiki kitu kipo," Kunigunda alisema. "Siwezi kufuta kabla hajasikia."

Mafunzo yalipokwisha, hakurudi Mbuji. Alipanda gari la Mbamba Bay, akachukua bodaboda hadi kijijini kwa akina Dastan, upande wa Liuli. Njia nzima alikipakata kishikwambi kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake, na kila pikipiki iliporuka kwenye shimo alijikuta akikiomba radhi.

Mama Recho, mama yake Dastan, alikuwa akianika usipa, wale dagaa wa ziwani, kwenye chanja.

"Shikamoo, mama. Natoka shuleni Mbuji."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyefundisha na Dastan?"

Kunigunda akamweleza kilichomleta. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akaketi mkekani. Sauti ilipotoka hakulia. Aliinamisha kichwa, akasikiliza kama mtu anayepewa maagizo.

"Saba mara nane ni ngapi?"

Mvua. Kimya.

"Anamsubiri nani?" mama akauliza.

"Wanafunzi, mama."

"Mbona hawamjibu?"

"Hawakuwepo. Alijirekodi nyumbani kwake, peke yake. Alipanga awasikilizishe shule zikifunguliwa."

Mama akatazama ziwani. Usipa uliachwa bila kugeuzwa na kuku wakaanza kuunyemelea.

"Mimi humsikia usiku akiita huko nje," akasema. "Watu wanasema ni upepo. Kumbe mwanangu anauliza, na hakuna anayemjibu." Akaurudisha mkono wa Kunigunda juu ya kishikwambi. "Mpeleke kwa watoto wake wamjibu. Wakishamjibu, mfute. Mtu hawekwi akisubiri namna hii."

Jumatatu Kunigunda aliwaambia watoto wa darasa la nne ukweli wote: kwamba mwalimu wao alikuwa amewaachia kipindi, na kwamba watamsikia mara moja tu. Watoto wakakaa wima. Sauti ilipoanza, Vitalia wa dawati la mbele alijifunika uso kwa sketi. Lakini swali lilipoulizwa, mikono ikanyooka. Kunigunda akamnyooshea kidole Glorious.

"Hamsini na nne!" Glorious akajibu kwa haraka.

"Vizuri sana. Kaa," Dastan akasema.

Darasa likalipuka kwa kicheko. Glorious peke yake hakucheka. Alibaki amesimama. "Mwalimu, nimekosa," akanong'ona, si kwa Kunigunda bali kwa kile kifaa. "Ni hamsini na sita."

Walijibu maswali yote mpaka mwisho. Kisha, mbele yao, Kunigunda akafuta. Kioo kilipobaki kitupu alihisi kama mtu ametoka nyuma ya mgongo wake na kupita mlangoni.

Jioni akampigia simu Mama Recho.

"Walimjibu?"

"Walimjibu, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Tangu azame, mlango wa nyumba hii sijaufunga komeo. Leo nitaufunga."

Kunigunda hakupata usingizi mzuri. Asubuhi aliingia darasani na chaki yake, akakuta watoto wote wamegeukia mlango.

"Mwalimu," Vitalia akauliza, "leo Mwalimu Dastan haji?"

"Haji," alisema Kunigunda. Akangoja waache kuutazama mlango. Ilichukua muda.