Chajio cha Karani wa Ghala

Jumanne moja ya Oktoba 1984, Mbeyu aliwapa watoto wake watatu maji ya moto yenye chumvi, akawatandikia mkeka, akaketi kando yao kungoja vurugu la kila usiku. Watoto wenye njaa hawalali. Hugeukageuka, hukwaruza mkeka kwa kucha, huuliza kama kumekucha. Lakini ilipofika saa mbili hivi, wote watatu walinyamaza kwa pamoja. Midomo yao iling'aa mafuta. Kazungu, kitindamimba, alicheua, na nyumba ikanukia kuku wa nazi.

Mbeyu alitoka nje. Kilima chote, kile cha nyuma ya Kaloleni, kilikuwa kimetulia. Nyumba hadi nyumba zilisikika pumzi ndefu za watu walioshiba. Mbwa walikuwa wamelala chali. Alisimama, mkono kifuani, asithubutu hata kukohoa, mpaka usingizi ukamkuta na yeye pale pale mlangoni.

Asubuhi mbavu za watoto zilihesabika vile vile.

Sababu ilijulikana kisimani. Sidi, mke wa Bwana Dena, karani wa ghala la chakula cha msaada, alisema mumewe alikuwa amekula kuku mzima, na usingizi haukumjia.

"Zamani alisinzia na tonge mkononi," alisema. "Jana alikula yeye, mkalala nyinyi."

Hakuna aliyebisha. Waliendelea kuteka maji.

Wiki zilizofuata watu walijifunza. Dena akila wali, watoto walilala hadi alfajiri. Akila ndizi mbili tu, waliamka kabla ya jogoo. Wengine hawakutandika mkeka mpaka waone moshi wa jiko lake. Ghala lilijaa mahindi ya manjano hadi kwenye mabati, ila Dena alisema barua ya kuyagawa haijafika kutoka Kilifi. Jikoni kwake yalifika bila barua.

Mwezi wa pili wa kukesha, Dena alikwenda zahanati. Musembi, mganga wa pale, alimpima, akamwambia, "Chakula kikikukaa kifuani usingizi hukimbia, mzee. Jua likishatua, usitie kitu mdomoni."

Dena alitii. Usiku wa tatu alikuwa bado macho, na kilima kizima kinalia. Kazungu hakuwa na sauti tena. Alifungua mdomo tu.

Kesho yake jioni Mbeyu alimkamata kuku wake wa mwisho. Kahonzi, jirani yake, alimwona akimfunga miguu.

"Si umchinje, wanao wale?"

"Amekonda. Watatu hatawashibisha. Akimla Dena watalala wote, na wako pia."

Kahonzi alifikiri kidogo, akaingia ndani, akatoka na nazi.

Dena alikuwa kibarazani, macho mekundu, mashavu yamelegea.

"Shikamoo, Bwana Dena."

"Marahaba."

"Nimekuletea kuku. Nakuomba ule jioni hii."

"Nimekatazwa, mama. Mimi pia nataka kulala."

"Wewe lala mchana. Mchana usingizi hatuuhitaji."

Dena alimtazama kuku, akameza mate. "Hilo sikuliwaza," alisema.

"Na mahindi?"

"Barua haijafika."

Sidi alichinja, akapika. Mbeyu alibaki uani kuangalia. Dena alinawa, akakata tonge la sima ya manjano, akachovya mchuzi, akala polepole kama mtu aliye kazini. Kila tonge liliposhuka, nyumba moja ilinyamaza. Kwanza kwa Kahonzi, kisha zile za bondeni, moja baada ya nyingine, kilio kikizimika kama taa zinazopulizwa. Mwisho ilinyamaza ya Mbeyu mwenyewe. Alihisi utamu wa nazi kinywani, na machozi yakamtoka, hakujua ni ya nini. Hakuwahi kuona kitu kikubwa namna ile kikifanyika kwa utulivu namna ile.

"Ongeza, baba," alimwambia taratibu. "Wangu mdogo huamka mapema."

Dena akaongeza.

Jioni iliyofuata wanawake walipanga mstari mbele ya kibaraza, huyu na bata, huyu na mayai manne ndani ya kanga, huyu na asali kwenye kopo. Walisimama wakiegemea ukuta wa ghala, ambao ulikuwa bado na joto la jua, na waliongea kwa sauti za chini, wasije wakamharibia hamu ya kula.