Mti wa Juu ya Lango

Kilichomtia wasiwasi kwanza ni mkono. Mume ambaye hajamshika mkewe mkono tangu mtoto wao wa kwanza aanze shule, ghafla, kwenye ngazi ya meli, mbele ya abiria wote, anaukamata na kuung'ang'ania mpaka chini gatini. Wake wengine wangefurahi na kujidai. Bi Rada yeye machale yalimcheza.

"Leo vipi?" akamuuliza. "Umependa upya?"

"Kwani mtu hawezi kumshika mke wake?" Fundi akajibu, kisha akacheka kicheko kirefu kuliko utani wenyewe.

Bi Rada hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na wanafunzi. Alikuwa mwalimu wa historia, na kila msimu wa mitihani alipangiwa kusimamia, kazi aliyoipenda kuliko kufundisha, ingawa hakumwambia mtu. Alivaa viatu vya raba visivyotoa mlio, akapita katikati ya madawati taratibu. Alijua kwamba anayefikiri hutazama dari, na anayeiba humtazama msimamizi. Alikuwa amestaafu sasa, lakini kustaafu hakumwondolei mtu tabia.

Na nyumbani mambo hayakuwa shwari. Fundi, aliyetengeneza redio za watu maisha yake yote, alikuwa amezuka na mtindo wa kujifungia stoo na hedifoni masikioni, akitikisa kichwa na kunong'ona peke yake. Akisikia hatua za mkewe, anazima simu. Siku moja waya ulichomoka, na sauti ya mwanamke ikajaa stoo nzima, laini, imechanganyika na kicheko: "Karibu tena, mpenzi mgeni. Leo tuko wawili tu, mimi na wewe. Twende taratibu." Fundi alipapasa kama mtu aliyeangusha kaa la moto, akaizima.

"Matangazo ya biashara," alisema.

Matangazo! Mtu huyo huyo alikuwa ameacha kusoma magazeti, eti siku hizi yanaandika uongo mtupu. Gari aliliuza, eti goti linamsumbua. Halafu watoto walipojikusanya kuwalipia wazazi safari ya meli ya kitalii, Fundi, ambaye hajawahi kuchagua hata rangi ya pazia, akang'ang'ania meli moja tu, ile inayotia nanga siku nzima kwenye mji wenye magofu. Watoto walipotaja nyingine nzuri zaidi, alikuja juu.

"Dada, huko kuna mtu," mdogo wake Bi Rada alimwambia kwenye simu.

"Nitathibitisha."

"Na ukishathibitisha?"

"Nikishuka melini sirudi kwake. Nakuja kwako moja kwa moja."

Hakuwa anatania. Kuishi na mtu aliyemdanganya hilo asingeliweza, na mdogo wake, anayemjua vizuri, alikuwa ameshafungua madirisha ya chumba cha wageni.

Basi la ziara liliwateremsha penye kibanda cha tiketi. Mwongoza watalii alikuwa amesimama chini ya mwavuli wa rangi ya machungwa, mwanamke wa makamo mwenye pengo, shada la funguo likining'inia kiunoni. Alisubiri kundi lote likusanyike ndipo akafungua mdomo.

"Karibuni, wapenzi wageni! Twende taratibu."

Sauti ni ile ile. Bi Rada akageuka haraka kumwangalia mumewe, akamkuta ameinamisha kichwa upande mmoja, anatabasamu, kama alivyokuwa akitabasamu zamani akiikamata stesheni ya mbali.

Akamkagua yule mwanamke kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu vya turubai vyenye vumbi. Hakuwa kisichana cha kujirembaremba. Hilo lilimuuma zaidi. Kisichana angekielewa, wanaume ni wapumbavu na uzee hauwasaidii. Huyu alikuwa mtu wa maana, mwenye kazi yake, mtu ambaye yeye mwenyewe katika siku nyingine angekaa naye na kupiga soga.

Ziara ikaanza, na kila walipokwenda Fundi alikuwa mbele ya habari. "Sasa tunaingia kwenye ua wa wageni," alimnong'oneza, bado ameng'ang'ania mkono. "Utaona vidaka ukutani, walikuwa wakiweka taa humo." Mwongozaji akafika uani na kusema hayo hayo. "Mbele ni kisima. Ukikaribia utasikia ubaridi." Wakakaribia, ubaridi ukawapiga usoni.

"Umejuaje?" Bi Rada akauliza.

"Nimesoma."

"Wewe? Gazeti tu umelisusa."

Fundi akameza mate, akasema jua limekuwa kali.

Kisha wakafika langoni. Bi Rada alilijua lango lile bila kulifikia. Mwaka baada ya mwaka alilichora ubaoni kwa chaki, upinde wake na nguzo zake mbili, akawaambia watoto wa watu kwamba liko mbali sana na kwamba hajaliona. Sasa liko mbele yake, kubwa kuliko alivyowahi kulichora, na yeye ameshindwa hata kulifurahia kwa hasira.

Fundi akamsimamisha. Akainua kidole juu, kwa madaha ya mtu anayetoa zawadi.

"Lango lako lile la chaki," akasema. "Nimekuletea. Na ule mti, ona, pale juu kabisa. Umeota penye jiwe tupu! Mizizi yote imeteremka ukutani mpaka chini."

Bi Rada akatazama kidole kinakoelekea. Jiwe lilikuwapo. Mti haukuwapo. Juu ya upinde palikuwa na kiraka cha saruji mpya, nyeupe kuliko mawe ya jirani, na ndege mmoja ametua juu yake.

Katika kazi yake Bi Rada alijifunza jambo moja ambalo wasimamizi wageni huchelewa kulijua: mwizi wa majibu humkamati kwa jibu sahihi. Wanafunzi wawili wakipata, huenda wamesoma wote. Wakikosa kosa lile lile, neno kwa neno, hapo ndipo unanyoosha mkono na kuchukua karatasi. Mti ule Fundi aliutoa mahali. Alikuja hapa enzi zake, ukiwa bado umesimama, na hakuja peke yake.

"Kaa hapa kwenye kivuli," akamwambia. "Narudi."

Watu wengine walikuwa wakipigana picha. Mwongozaji alikuwa kando, anakunywa maji. Bi Rada akamwendea bila salamu.

"Mume wangu mmejuana wapi?"

"Mume yupi, mama?"

"Yule wa kofia ya kahawia. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Sauti yako nimeisikia kwenye simu yake, kwa masikio yangu. 'Leo tuko wawili tu.'"

Mwanamke akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko mpaka maji yakampalia.

"Nisamehe, mama yangu. Sauti yangu imo kwenye simu za watu wengi. Narekodi hizi ziara, naziweka mtandaoni, kwa wale wasioweza kufika. Natembea na simu mkononi, naongea kama niko na mtu mmoja. Wake za watu wameshaniandikia matusi, si wewe wa kwanza."

"Na mti?" Sauti ya Bi Rada ilikuwa bado kali. "Hapa langoni palikuwa na mti?"

"Ulikuwapo, mkubwa tu. Upepo uliuangusha, wakaziba kwa saruji. Kwenye video upo mpaka leo, sijarekodi upya." Akafuta midomo. "Kwani nani kakuambia habari za mti?"

"Yeye. Ameuona sasa hivi."

Mwongozaji akaacha kucheka. Akatazama juu ya lango, akamtazama mzee wa kofia kule kivulini, halafu akajifanya anatafuta ufunguo.

Hakuna mwanamke, basi. Bi Rada alingoja furaha ije, haikuja. Video inaeleza mtu alivyojua habari za kisima na vidaka. Haielezi kwa nini mtu mzima, mchana kweupe, anausifu mti usiokuwapo. Hata mjinga wa mwisho darasani ananakili akiwa anaiona karatasi yake mwenyewe. Gazeti. Gari. Orodha ya vyakula kule melini, kila siku miwani imesahaulika chumbani, nisomee wewe. Na asubuhi hii, kabla hawajatoka, "Leo umevaa gauni lipi?", naye akadhani anasifiwa.

Akarudi kwa mumewe. Fundi alikuwa ameinuka, amesimama chini ya upinde, kofia mkononi. Bi Rada akatembea na viatu vyake vya raba, hatua moja baada ya nyingine, jua likiwa mgongoni kwake, mpaka akasimama mbele yake kabisa, karibu kiasi cha kumfunga kifungo cha shati. Akakaa kimya.

Fundi akageuza uso upande wake. Akatoa lile tabasamu la adabu ambalo watu huwawekea wasiowajua.

"Samahani, mama," akasema. "Hujamwona mke wangu hapo? Amevaa gauni la kijani. Mrefu mrefu hivi, anatembea kama anakagua."

Bi Rada akalitazama gauni lake la kijani.

"Nimemwona," akasema.

Tabasamu likaanguka usoni kwa Fundi. Akapapasa nyuma yake mpaka mkono ukakuta jiwe, akaketi. Alionekana mzee kuliko alivyokuwa kwenye kifungua kinywa.

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Ilianza kama ukungu, pembeni. Nikasema ni uchovu. Daktari anasema ni presha ya macho, na kwamba nimechelewa. Dawa ananipa ya kushikilia kilichobaki tu." Akageuza kofia mkononi. "Mwanga nauona. Vivuli navijua. Wewe ni kivuli kirefu."

"Bora ungekuwa na mwanamke."

"Nini?"

"Mwanamke ningemtukana!" Machozi yalikuwa yameshamtoka, na hilo likazidi kumkasirisha. "Nimekuja huku nimejiandaa kutukana, nimemaliza maneno yote kichwani. Sasa hapa nimtukane nani? Unakwenda kwa daktari peke yako, na mimi niko nyumbani nakuhesabu kuwa mhuni?"

"Ningekuambia, safari hii ungeifuta siku hiyo hiyo. Tungekuwa saa hizi kwenye benchi la hospitali, wewe umeshika faili. Benchi lipo tu, halikimbii. Lakini haya mawe umeyachora miaka yote hujayaona, na mimi nilisema nitakuleta, nikawa kila mwaka natengeneza redio." Akafikiri kidogo. "Nilitaka nikuonyeshe mimi. Angalau nijifanye nakuonyesha."

"Kwa kuangalizia."

"Kwa kuangalizia," akakubali. "Nimekariri ziara nzima. Hata ngazi zinapoanza najua."

"Na mti haupo."

Fundi akainua uso. "Haupo?"

"Uliangushwa na upepo. Wamepiga saruji."

Alibaki mdomo wazi, akiwa bado anautafuta juu kule. "Basi nimefeli," akasema, na Bi Rada akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja, kitu asichowahi kukifanya mbele ya mtu. Akaketi pembeni yake kwenye lile jiwe, akachomoa kofia mkononi mwake na kumvika mwenyewe.

Simu yake ikatetemeka mkobani. Ni mdogo wake: *Vipi dada, umemkamata? Nitandike?* Bi Rada akaandika, *Nimemkamata. Usitandike*, akairudisha mkobani kabla hajaulizwa zaidi.

Mwavuli wa machungwa ukainuka, kundi likaitwa. Palibaki sehemu moja, roshani ya juu, iliyokuwa imefungwa kwa ukarabati na kufunguliwa juzijuzi tu. Fundi alisita penye ngazi zake. Hazikuwamo kwenye video.

"Ngazi," Bi Rada akasema chini chini. "Ni za mawe, zimelika katikati. Nifuate."

Huko juu mwongozaji alikuwa na mtindo wake wa kufunga ziara. Alimtaka kila mgeni aseme kwa sauti kitu kimoja anachokiona, na wengine wampigie makofi. Mmoja akasema kisima kinavyoonekana kidogo. Mwingine akasema paa la kibanda cha tiketi, watu wakacheka. Mwongozaji akawapita Fundi na mkewe, kwa makusudi kabisa, akamtaja jirani yao. Lakini jirani huyo, mama mmoja mchangamfu asiyejua lolote, akamgusa Fundi begani.

"Na mzee wetu? Toka asubuhi nakusikia unamweleza mkeo kila kitu! Unaona nini wewe?"

Watu wote wakageuka. Fundi akatazama mbele, kwenye mwanga mtupu. Kidole alichokuwa akikiinua kwa madaha tangu asubuhi kilikuwa kimekamata pindo la koti.

Bi Rada alikuwa amechana karatasi za watoto wa wakubwa. Alikuwa amemtoa chumba cha mtihani mpwa wake wa damu, mbele ya wenzake, na hakurudi nyuma hata ukoo mzima ulipomjia juu. Sasa akasogea mpaka bega lake likagusa la mumewe. Akatazama mbele na uso mkavu, kama walivyokuwa wakifanya wote aliowahi kuwakamata, na midomo yake ikasogea kidogo sana.

"Meli yetu," akanong'ona. "Nyeupe. Bomba jekundu, linatoa moshi. Mtu ametundika taulo dirishani."

"Naiona meli yetu!" Fundi akasema kwa sauti kubwa, kidole kikapanda. "Nyeupe, na bomba lake jekundu linafuka moshi. Na kuna mtu, hana hata haya, ametundika taulo dirishani!"

Wakacheka, wakapiga makofi. Bi Rada akageuza shingo taratibu, huku na huku, kuangalia kama kuna aliyewaona.