Kurwa Aliyerudi Kijana

Taesik alimtangulia pacha wake Wonsik kutoka tumboni kwa dakika chache tu, na kwa ukoo wao wa Yeongju dakika hizo zilitosha. Yeye ndiye kurwa, mrithi wa matambiko, mtu wa kuwamiminia mababu kikombe cha kwanza siku baba yao atakapofariki. Wonsik alikuwa doto, na kazi ya doto ni kusujudu nyuma ya kaka. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Kisha Taesik akaingia kwenye chumba cha majaribio cha wataalamu kule Daejeon, kinachompeleka mtu mbele kwenye wakati. Ndugu waliambiwa atapotea wiki tatu. Kuna mtu alikosea hesabu. Taesik alikaa humo mchana mmoja, akasoma gazeti, akasinzia kidogo, akafungua mlango; huku nje ilikuwa imepita miaka ishirini na mitatu. Aliingia akiwa na miaka arobaini na mmoja, akatoka nayo vilevile. Wonsik alikuwa na sitini na minne, magoti mabovu, na shamba la matufaha ambalo hakuwa amelitaka.

Siku chache baada ya kurudi kwake, Chuseok, sikukuu ya mavuno na ya kuwakumbuka mababu, ikaingia. Malsun, mke wa Wonsik na mama wa mtoto wao Hyerin, alikuwa ameipanga meza ya mababu tangu alfajiri: wali wa mchele mpya, samaki mzima, mapeasi, na vikeki vya mchele vilivyopikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Taesik akaja kuchungulia.

"Shemeji, hili bakuli la pembeni, lenye kijiko kilichosimamishwa kwenye wali, ni la babu yupi?"

Malsun akatazama, akajiziba mdomo. Mkono ulikuwa umejipangia wenyewe kwa mazoea.

"La kwako," akasema.

"La kwangu mimi?"

"Ulitaka tufanyeje? Tulikungoja miaka kumi, tukachoka, tukakuweka na marehemu. Unakula hapo kila Chuseok na kila mwaka mpya, na hujawahi hata siku moja kumshukuru mpishi."

Taesik akacheka. "Kumbe ndiyo maana nimetoka mule na shibe!"

"Shibe ya bure hiyo." Malsun akakichomoa kijiko, akamsukumia bakuli. "Shika, baadaye ule kama walio hai."

Wonsik hakucheka. Tangu kaka yake arudi, chakula kilikuwa hakimpandi. Alifurahi, Mungu ni shahidi, lakini kulikuwa na jambo moja lililomtafuna: mkeka wa mbele, anapopiga magoti mwenye kuongoza tambiko. Kwa ajili ya mkeka ule aliacha kazi yake ya kuchomelea meli Ulsan, akarudi kumuuguza baba. Alimwogesha, akamlisha, akambeba mgongoni kwenda chooni. Mzee naye hakuwa mtu wa shukrani. Uji ulikuwa wa moto mno au wa baridi mno, na Taesik je, Taesik amerudi? Baba alipofariki, kilichobaki mkononi mwa Wonsik ni mkeka huo tu. Aliona haya, mzee mzima, kugombea mkeka. Lakini alikuwa anaugombea.

Wakati wa tambiko ukafika. Taesik, ndani ya suti ya kuazima, akaenda moja kwa moja akapiga magoti mbele, bila hata kufikiri. Malsun akakohoa.

"Shemeji, hapo umekaa kwa nani?"

"Si pangu? Baba hayupo, na mimi ndiye mkubwa."

"Mkubwa wa nani? Hebu simameni pamoja. Mtu akipita hapo nje atasema Baba Hyerin kaja na mwanawe. Asiyekuwepo na lake halipo."

Taesik akamgeukia pacha wake, akaziona zile mvi, akasimama taratibu. "Maneno ya kweli hayo. Njoo ukae, Wonsik. Tena mimi ndiye wa kukuamkia sasa. Shikamoo, kaka."

Utotoni Wonsik angetoa peremende zake zote ili aitwe hivyo. Leo neno lilimpita tu. Akaenda, akapiga magoti, akashika kikombe. Ameshinda, na haoni utamu wowote.

Nyuma yake Taesik akauliza kwa sauti ya chini, "Baba aliniulizia?"

Wonsik akakiweka kikombe chini.

"Kila siku. Mwisho macho yakawa hayaoni. Akanishika mkono, akaniuliza, 'Taesik, umerudi?' Nikasema, 'Ndiyo, baba, nimerudi.'"

Malsun akaganda na birika la pombe mkononi. Hilo hakuwahi kulisikia.

"Sauti yetu si moja?" Wonsik akaendelea. "Nikaona heri afe ametulia."

"Akasema nini?"

"Alikupa maagizo. Alisema, 'Mdogo wako ndiye aliyenibeba. Nimemkaripia miaka yote, sijamwambia asante. Mimi maneno hayo siyawezi. Mwambie wewe.'"

"Basi si ulisikia?"

"Nilisikia nini? Mimi sikuwepo pale, uliyekuwepo ni wewe. Nijiambie asante mwenyewe?"

Taesik akamshika Wonsik kiwiko, akamwinua, akamsogeza nyuma kama anavyosogezwa mdogo mtu. Akakaa yeye kwenye mkeka wa mbele, lakini meza akaipa mgongo, uso wake ukamwelekea ndugu yake.

"Mdogo wangu," Taesik akasema, "baba kanituma kwako. Nimechelewa njiani, unisamehe. Anasema wewe ndiye uliyembeba. Anasema asante."

Kisha akageukia meza, akashika kikombe kwa mikono miwili, Malsun akammiminia. Ndugu hao wakasujudu, mkubwa mbele, mdogo nyuma.

Aliye kwenye mkeka wa mbele halii. Inambidi aangalie kikombe, ubani, na nani ainuke lini. Kwa hiyo miaka yote hiyo Wonsik alikuwa hajamlilia baba yake. Sasa alipoliweka paji la uso sakafuni hakuinuka, mabega yake yakaanza kutikisika. Malsun akataka kumwendea. Taesik akamzuia kwa mkono, na wote wawili wakamngoja.