Mgeni wa Mama Mathabiso

Jumapili ya kwanza ya Majilio, Mama Mathabiso alirudi kutoka kanisani, akakunja blanketi lake la heshima, akabandika maji ya ugali. Padri Ramokoena alikuwa amehubiri kwamba anayemngojea Bwana aanze kufagia moyo kabla ya ua. Akiwa katikati ya kusonga, Mama Mathabiso aliona mlango umefunguka chini ya titi lake la kushoto, mlango wa mbao wenye komeo. Aliepua sufuria kwanza, ugali usije ukaungua. Kisha akachukua ufagio, akaingia.

Vumbi lilikuwepo, ila si la kutisha. Alizoa wivu wa tangu usichana, akatoa kinyongo alichomwekea mwenyekiti wa chama cha mazishi. Kesho yake alianza kusiriba sakafu ya humo moyoni kwa mavi ya ng'ombe, kama wanawake wote wa kijiji wafanyavyo Desemba. Kwenye kona ya mwisho alimkuta mkamwana wake Limpho ameketi, amejitanda lile blanketi jeusi la msiba.

"Sogea, nasiriba."

"Sisogei, mama. Kwingine kote umeshanitoa."

Hilo lilikuwa kweli. Thabiso, mume wa Limpho, alipofia mgodini, mama yake alimpa Limpho wiki moja ahame na bintiye kutoka nyumba ya matofali ambayo mumewe alikuwa ameijenga. Limpho akaenda mjini Maputsoe, akawa anashona suruali kiwandani. Yuko huko miaka miwili sasa, na kumbe yuko na huku.

Jumatano Mama Mathabiso alimwendea padri.

"Padri, ndani kuna mtu."

"Nani?"

"Mke wa marehemu Thabiso."

Padri alikoroga chai yake. "Basi mrudishie nyumba yake, atatoka mwenyewe."

"Nyumba nimeshampa mdogo wake Thabiso. Anaoa mwezi wa kwanza."

"Mh," alisema padri. "Basi atabaki."

Mama Mathabiso alitundika mapazia, akaweka kiti chenye mto kwa ajili ya Bwana. Alimalizia kusiriba kwa kumzunguka Limpho.

Wiki ya tatu, Limpho wa Maputsoe alifika kwa miguu, mtoto mgongoni anakohoa.

"Shikamoo, mama. Kiwanda kimefungwa. Naomba tujibanze hata jikoni."

"Mwanangu, nawe umechagua siku! Huoni tunajiandaa na Krismasi?"

Limpho alitazama kuta zilizochorwa upya. "Naona, mama. Pamependeza." Akamkaza mtoto mgongoni, akarudi barabarani.

Asubuhi ya Krismasi, watu wakiimba Utukufu kanisani, Mama Mathabiso alisikia hodi kifuani. Akafungua. Bwana aliingia na matope miguuni.

"Karibu, Bwana. Kiti chako hicho."

Hakuketi. "Na huyu?"

"Huyo ni wa humuhumu, usijali."

Bwana alimpa Limpho mkono, akamwinua. Wakatoka wote wawili, wakaurudisha mlango taratibu ili wasisumbue ibada. Mama Mathabiso alingoja kidogo. Halafu akapanga foleni ya komunyo.

Nje, jirani yake Malerato alimshika mkono. "Mwenzangu, mwaka huu umejiandaa kwelikweli. Uso unang'aa!"

"Nimesafisha kila mahali," alijibu, wala hakudanganya. Ndani hamkuwa na mtu hata mmoja.