Harufu ya Oili ya Gia

Fundi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha chai mkononi, akimtazama shemeji yake akijiaibisha. Wiki nzima mume wa dada yake, mwalimu wa hesabu ambaye mikono yake haijawahi kushika kitu kizito kuliko chaki, alikuwa akitangaza kwamba safari hii oili ya gari lake atabadilisha mwenyewe. Ameshatazama video tatu kwenye simu. "Kumbe kazi yenyewe ni kufungua na kufunga," alisema mezani, mbele ya watu wote. "Shemeji, mlikuwa mnatutisha bure." Mama akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomkaa fundi kooni, maana kazi hiyo aliirithi kwa marehemu baba yake, na mama ndiye aliyezifua ovaroli zao wote wawili.

Sasa Mwalimu alikuwa chini ya gari, miguu nje. Chini ya gari lile kuna bolti mbili zinazofanana, moja ya kumwagia oili ya injini, nyingine ya giaboksi, na ni majirani. Kila anayejifunza gereji hupigwa kofi kwa ajili ya bolti hizo, mara moja tu, na hasahau. Mwalimu hakuwa na wa kumpiga kofi. Spana yake ikashika ya giaboksi.

Fundi aliona. Alifungua mdomo, kisha akanywa chai.

Oili ikatoka, si nyeusi kama ya injini iliyochoka, bali ya rangi ya asali, na harufu yake ya mayai viza ikajaa uani. Mama alikuwa ameketi kibarazani. Jicho lake la kushoto lilishakufa. La kulia lilibaki kuona vivuli, na kesho ndiyo ilikuwa siku ya kupasuliwa. Daktari wa macho alikuwa mgeni, anakuja mji wa pili siku moja tu kwa mwaka, na saa sita mchana anaondoka. Alishasema wazi kwamba jicho hilo halitafika mwaka ujao. Mwalimu ndiye aliyejitolea kumpeleka, na oili mpya ilikuwa ya safari hiyo.

Mama akainua pua. "Mwanangu, hiyo si oili ya gia? Baba yako alikuwa akirudi na harufu hiyo kwenye nguo."

"Hapana, mama," fundi akasema. "Ni ya injini. Imezeeka tu."

"Haya."

Mwalimu akafunga bolti yake, akainuka, akamimina lita nne mpya ndani ya injini ambayo haikuwa imetoa hata tone. Akachomoa kijiti cha kupimia. "Imepita alama. Afadhali izidi kuliko ipungue, au vipi, shemeji?"

"Wewe ndiye fundi," fundi akamjibu.

Mkisema ana roho ya korosho, semeni, sitambishia mtu. Lakini alikuwa na mpango wake. Giaboksi kavu italia kabla ya kona ya kwanza, gari lisimame mbele ya majirani, naye atokee na pikapu ya gereji, amfungulie mama mlango, ampeleke yeye. Mama ajue nani ni nani. Pikapu alishaijaza mafuta.

Asubuhi alingoja pale konani. Gari likaja likitoa moshi wa buluu, dada yake nyuma, mama mbele, kilemba chake kimefungwa kama cha kwendea harusini. Likapita. Likapanda mlima, likapotea. Fundi akashika usukani, akauachia. Kulifuata kungekuwa ni kukiri. Alipiga simu mara mbili, lakini Mwalimu hapokei simu akiendesha. Ni mtu wa sheria.

Dada yake alipiga saa tano, baada ya kutembea mwendo mrefu akitafuta mtandao. Giaboksi imelia, imekaza, na barabara ile ya msituni haipiti mtu. Fundi akaendesha kama mwizi. Alipofika, saa sita ilikuwa imepita, na mji ulikuwa bado mwendo wa saa nzima.

Mwalimu alikuwa amechuchumaa kando ya tairi, analia bila kujificha. "Shemeji, nimemuua mama jicho. Niambie tu, nilikosea wapi?"

Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe, kilemba bado hakijaharibika. "Jana nilinusa," akasema polepole. "Nikasema pua yangu nayo imezeeka. Kwa sababu mwanangu ni fundi, hawezi kukosa kujua, na akijua hawezi kunyamaza."

Fundi akainama, akajifanya kuchungulia chini ya gari.

"Mjibu mwenzako," mama akasema. "Amekuuliza alikosea wapi."

Kisha akageuza sikio upande wake, kwa kuwa macho hayakuwa na kazi tena, akangoja.