Viganja Nilivyovisiriba

Mwaka 1993, ile miaka ya ruksa, kila mwenye kiwanja Makole alikuwa anabomoa udongo na kupandisha bati. Tembe la marehemu bibi Loisi lilibaki peke yake katikati ya maduka mapya, majani yameota juu ya paa lake la udongo. Watoto wa bibi huyo wote walimtangulia kufa. Kikundi chetu, Chama cha Nyumba za Kale, kikaomba tupewe tulitunze, maana mtaani pale halikubaki lingine.

Tulikuwa watu saba. Katibu alikuwa Mwalimu Violeth, mstaafu. Mzee Yotham, fundi wa zamani wa reli, alishika nguzo na paa. Mimi, Mama Methusela, nilipewa kuta, kwa sababu kusiriba nilifunzwa na mama yangu kabla sijaijua shule, na shule yenyewe niliishia darasa la nne. Kila mwaka kabla ya mvua nilikanyaga udongo, nikachanganya na mavi ya ng'ombe, nikasiriba kuta za nje. Chumba cha ndani katibu alikataza kisiguswe.

Humo, ukuta wa nyuma, kulikuwa na viganja kumi na tisa vya udongo mweupe. Kila mtoto aliyezaliwa katika nyumba ile alichovywa kiganja na mama yake, kikabandikwa ukutani, wazee wakitaja majina ya waliokufa na kumwaga pombe kidogo chini. Vingine vilikuwa vidogo kama jani la mlenda.

Mwaka mmoja, mwezi wa tisa, ukaja mkutano wa Injili. Mhubiri mgeni akasema tunamwomba Mungu huku tumefuga mizimu ndani. Niliona kama ananitazama mimi. Mume wangu alikuwa na miaka miwili kaburini, na ufunguo wa nyumba ile nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la khanga yangu. Kesho yake mchana nikaingia na ndoo, nikasiriba ukuta ule toka juu hadi chini, naimba. Sitaficha, nilifurahi.

Siku tatu baadaye Mwalimu Violeth akaja na kijana wa ofisi ya mji, Brighton, aliyetumwa kuandika kama nyumba inafaa kubakizwa. Nikawafungulia, Mwalimu akawasha tochi. Akaizungusha ukutani mara mbili.

"Viko wapi?"

"Juzi Mzee Yotham alikuwa hapa na udongo wa paa," nikasema.

Kila neno lilikuwa la kweli. Ndivyo nilivyojifariji njia nzima ya kurudi nyumbani.

Tukakutana barazani kwa Mwalimu, Area D. Mimi ndiye niliyeomba sala ya kufungua.

"Mzee, siku ile ulikuwa umekunywa?" Mwalimu akamwuliza.

"Lini sijanywa?"

Watu wakacheka.

"Kwa hiyo ukaziba viganja."

"Mwalimu, hata nyumbani mke wangu hanipi ukuta. Anasema nikisiriba naacha matuta ya viazi."

Wakacheka tena, ila Mwalimu hakucheka. "Nani mwingine alikuwa na udongo mbichi mle ndani?"

Yotham akanitazama. Kisha akatazama viatu vyake. "Kama mnaona ni mimi, basi ni mimi."

Wakamtoa chamani. Haikupita wiki, kilabuni wakampa jina. Nilikuwa napita nikasikia kwa masikio yangu: "Karibu, Mfuta Watoto. Kaa mbali na kibuyu changu usije ukakifuta na chenyewe." Mzee akaketi nao, akacheka kidogo, kama mtu anayelipia kiti.

Jumapili mbili nilikwenda Meza ya Bwana. Ya tatu wenzangu waliinuka, mimi nikabaki kwenye benchi. Jirani akaninong'oneza kama mguu unauma. Nikamwambia hapana. Ibada ilipokwisha nikatembea hadi Area D, nikamwomba Mwalimu awaite watu wote, na Mzee Yotham pia.

Yotham hakuketi. Alisimama karibu na lango, kofia mkononi.

"Ni mimi niliyesiriba," nikasema. "Na nilipomtaja mzee, nilijua ninachofanya."

Restuta, mdogo wetu chamani, akasema taratibu, "Na ukatuombea sala ya kufungua."

"Ndiyo."

"Nilijua siku ileile," Yotham akasema. "Mkono wako naujua, Mama Methusela. Unavuta udongo toka kushoto kama wanawake wa kwenu Mvumi."

"Sasa mbona hukusema, mzee?" nikamwuliza.

"Nikuseme mbele ya watu, na wewe mjane? Nilisubiri useme mwenyewe." Akavaa kofia. "Nimesubiri sana."

Tukaenda wote tembeni. Yotham akachukua kijiko, akakwangua polepole kama mtu anayemnyoa mtoto. Udongo mweupe ukatoka pamoja na wangu. Akajaribu mahali pa pili, pa tatu, kisha akakiweka kijiko chini. Brighton aliandika kwamba nyumba ibaki, kwa ajili ya paa. Paa alilolishika Yotham. Watu wakamwomba arudi chamani, akarudi, lakini kule kilabuni lile jina bado wanamwita nalo.

Nilifungua pindo la khanga nimrudishie katibu ufunguo. Akakataa.

"Utakaa nao. Kila mgeni utamwambia kwa kinywa chako kulikuwa na nini hapa, na nani alikiziba."

Ndivyo ninavyofanya. Wanafunzi wanakuja, wananiamkia shikamoo, nawaingiza chumba cha ndani. Wengi huupapasa ukuta, wakausifu jinsi ulivyo laini, wakaniuliza fundi wake ni nani. Ndipo ninapoanza kusema.